Kopo la Mtoto wa Shule

Juma hili nataka tufunue kifuniko cha kopo ambalo watoto wetu huchukua kwenda shuleni kila asubuhi, tuone mna nini ndani yake. Wengi wetu twajua karo ni kiasi gani na sare yagharimu shilingi ngapi, lakini tukiulizwa mtoto alikula nini jana mchana, twatazamana.

Nami nilikuwa mmoja wao. Mwaka jana mwalimu wa mwanangu alinikuta penye kituo cha magari. Tulipokwisha kuamkiana, aliniambia kwa upole, "Bwana Karani, mtoto wako ni mwerevu sana asubuhi, lakini ifikapo saa nane mchana hulala juu ya dawati. Je, anakula nini?"

Nilimjibu kwa majivuno, "Kwangu hakuna shida, Mwalimu. Kila siku huchukua mkate mweupe uliopakwa siagi, na chupa ya chai yenye sukari ya kutosha."

Mwalimu alitabasamu, akasema, "Njoo siku moja saa saba, ujionee mwenyewe."

Nilikwenda. Watoto walikuwa wameketi chini ya mti, makopo yao wazi. Mwanangu alikuwa amekwisha kula nusu ya mkate wake wakati wa mapumziko ya asubuhi, na nusu iliyobaki alikuwa akimpa mwenzake ili aonjeshwe chakula chake. Mwenzake huyo ni mtoto wa mama jirani yetu, mjane alimaye vibarua. Katika kopo lake mlikuwa na isyo ya mahindi na nzuu, yaani mbaazi, pamoja na majani ya kunde na nusu ya chungwa. Mwalimu aliniambia kwamba huyo halali mchana. Niliona haya. Kumbe nilikuwa nimefunga heshima yangu katika kopo la mwanangu, wala si chakula. Naliogopa watu wasije wakasema ati mtoto wa karani anakula isyo.

Basi, ndugu zangu, tuyaangalie mambo haya kwa akili. Mwili wa mtoto wahitaji vyakula vya namna tatu. Kwanza ni vya kutia nguvu, kama mahindi, mtama, wimbi, mihogo na viazi vitamu. Pili ni vya kujenga mwili, kama mbaazi, kunde, ndengu, maharagwe, mayai na maziwa. Tatu ni vya kulinda mwili, yaani mboga za majani na matunda. Mkate mweupe na chai ya sukari ni vya namna ya kwanza tu. Nguvu yake huja upesi na kwisha upesi. Zaidi ya hayo, chai inywewayo pamoja na chakula huuzuia mwili usipate madini ya chuma, ambayo ndiyo yanayojenga damu. Machungwa na maembe hufanya kinyume chake: huusaidia mwili kuyapata madini hayo kutoka katika ndengu na kunde. Kwa hiyo, nusu ya chungwa niliyoiona siku ile haikuwa pambo.

Wazee wetu walichanganya mahindi na mbaazi katika chungu kimoja, nao hawakukosea. Kile ambacho mahindi yamepungukiwa, mbaazi zinacho. Na kile ambacho mbaazi zimepungukiwa, mahindi yanacho. Lakini siku hizi wakulima wengi wa Kitui huuza ndengu zote hadi gunia la mwisho, na wa Makueni huuza maembe na machungwa yote kwa wachuuzi, kisha hununua mkate na soda kwa fedha hizo. Kuuza si vibaya, kwa maana karo lazima ilipwe. Lililo vibaya ni kuuza yote bila kutenga debe moja la mtoto.

Yako jambo jingine, nalo ni zito kuliko haya. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa katika wilaya za mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, kwa sababu ya kula mahindi yenye sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii hutokana na ukungu uotao juu ya nafaka iliyowekwa kabla ya kukauka vizuri. Haina ladha, wala kupika hakuiondoi. Mama aweza kuamka alfajiri, akapika kwa upendo mwingi, na huku anampakulia mtoto wake ugonjwa wa ini.

Kwa hiyo lishe ya mtoto huanza ghalani. Mahindi na yaanikwe juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu. Ili kujua kama yamekauka, chukua chupa kavu ya kioo, utie mahindi kidogo na chumvi kavu, uifunge na kuitikisa kwa dakika chache, kisha uiache itulie. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi yangali na maji. Punje zilizooza au kubadilika rangi ziondolewe, wala asipewe kuku wala ng'ombe. Kukoboa mahindi ili kupata muthokoi hupunguza sumu, kwa kuwa nyingi hukaa katika ganda na kiini, ila hakuimalizi. Naye mtoto alaye leo mtama, kesho viazi vitamu na kesho kutwa muhogo, hategemei gunia moja tu kwa uhai wake.

Mtaniuliza, "Tufanyeje basi, nasi twaamka usiku?" Nyumbani kwangu sasa tunafanya hivi. Jumatatu ni isyo ya mbaazi na chungwa. Jumanne ni viazi vitamu na yai lililochemshwa, likiwa katika ganda lake. Jumatano ni muthokoi na majani ya kunde. Alhamisi ni chapati na ndengu zilizokaushwa mchuzi. Ijumaa ni muhogo na maharagwe, pamoja na kipande cha papai, au embe wakati wa msimu wake. Kilichopikwa jana huchemshwa tena asubuhi hadi kitokote, kwa maana joto la nchi yetu huchachusha chakula upesi. Kopo huoshwa kwa maji ya moto kila jioni. Mahali pa chai, mtoto huchukua maji safi.

Wengine watasema kwamba hiyo ni kazi ya serikali. Ni kweli kwamba maziwa ya shule yalianza kutolewa bure mwaka 1979, lakini baadaye yalikoma. Shirika la Chakula Duniani lilianza kulisha wanafunzi katika sehemu za ukame mwaka 1980. Mwaka 2009 serikali ikaanzisha mpango wake wa shule kununua chakula kwa wakulima wa karibu, na mwaka 2018 shirika hilo likaikabidhi kazi yote. Mipango hiyo yafaa kushukuriwa, na wazazi na wahimize shule zao ziutumie kila msaada unaopatikana. Lakini mipango huja na kwenda, na njaa ya mtoto huja kila siku saa saba.

Mwanangu halali tena mchana. Juzi nilimwuliza kama wenzake humcheka kwa kula isyo. Alinijibu, "La, baba. Huniomba." Basi, ndugu msomaji, kesho asubuhi kabla mtoto hajatoka, fungua kopo lake utazame.