Ufunguo Uko kwa Nani?



Kila bweni linapoteketea, sisi mapadre huitwa kuzika. Twafika tumevaa stola, majeneza yamepangwa uwanjani kama madawati, mengi yakiwa yamefungwa tayari kwa kuwa ndani yake hamna uso wa kuagwa. Mmoja wetu husimama na kutamka maneno ambayo kila mfiwa ameyazoea: kazi ya Mungu haina makosa. Wazazi huitikia kwa kilio. Wakubwa walioketi chini ya hema huitikia pia, tena kwa sauti; maana, ikiwa kazi ni ya Mungu, hakuna mwanadamu atakayeulizwa swali.

Mimi mwenyewe nimeyatamka maneno hayo, na leo nayakana mbele yenu. Mungu hakuweka nondo madirishani. Mungu hakutia kufuli mlangoni saa tatu usiku, kisha akaenda kulala na ufunguo chini ya mto.

Tukumbuke. Juni 1994, katika shule ya Shauritanga huko Rombo, nchini Tanzania, wasichana zaidi ya 40 waliangamia kwa moto wa bweni. Machi 1998 ikawa zamu yetu Kenya: wasichana 26 wa Bombolulu, Kwale. Machi 2001, wavulana 67 wa Kyanguli, Machakos. Septemba 2017, wasichana 10 wa shule ya Moi jijini Nairobi. Septemba 2024, wavulana 21 wa Hillside Endarasha, Nyeri, watoto wadogo waliokuwa wamelazwa zaidi ya 150 katika bweni moja. Katika Bombolulu, na tena katika Kyanguli, walionusurika walisimulia habari ileile: madirisha yenye vyuma na mlango uliofungwa. Kati ya misiba hiyo miwili ilipita miaka 3, muda wa kutosha kukata vyuma vya kila dirisha la kila bweni nchini kwa msumeno wa mkono.

Najua jibu ninaloandaliwa. Wataniambia: Padre, moto wa Kyanguli uliwashwa makusudi, kwa petroli, na wanafunzi wakashtakiwa, dawa ya hayo ni nidhamu, si milango. Lakini seminarini tulifundishwa kupambanua matendo. Aliyewasha moto ana dhambi yake, na ni kubwa. Aliyefunga mlango ana ya kwake. Dhambi ya kijana haifuti dhambi ya mtu mzima mwenye ufunguo. Na tena, tukiamini kwamba miongoni mwa watoto wetu wapo wawezao kuwasha moto, je, hiyo si sababu kubwa zaidi ya kuwaachia wenzao njia ya kutoka? Mwenye kuogopa moto hufungua mlango. Anayeufunga ni yule anayeogopa kuibiwa mablanketi. Basi tuseme ukweli kuhusu kile tunachokiogopa.

Nasema kwa uchungu kwa sababu nilikuwamo. Nikiwa padre kijana niliketi katika halmashauri ya shule moja ya bweni ambayo sitaitaja. Mablanketi 14 na godoro moja vilikuwa vimeibwa. Fundi akaleta makadirio yake ya vyuma vya madirisha. Mjadala haukuchukua muda wa kunywa kikombe cha chai, wala hakuna aliyeuliza mtoto atatokea wapi. Nami, niliyekalia falsafa na teolojia miaka kadhaa, niliinua mkono wa kukubali. Kisha nikaombwa nifunge kikao kwa sala, nikafunga.

Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni. Umesema waziwazi kwamba bweni liwe na mlango kila mwisho, na mwingine wa dharura katikati. Kwamba milango iwe na upana wa futi 5 angalau na ifungukie nje. Kwamba isifungwe kamwe wanafunzi wakiwamo. Kwamba madirisha yasiwe na vyuma. Kwamba kati ya kitanda na kitanda pawe na nafasi ya meta 1.2. Hakuna linalohitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Katika ofisi za shule nilizopata kuingia, zikiwamo zile tunazozidhamini sisi Kanisa, kitabu hicho nimekiona mara mbili tu, na mara zote mbili kilikuwa rafuni juu, pamoja na vikombe vya michezo.

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, humwagiza ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari yake, asije mtu akaanguka na nyumba ikabeba hatia ya damu. Tazameni vizuri. Agizo hilo halimhubirii apandaye darini atembee kwa uangalifu. Linamwendea mwenye nyumba.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu na hii iitwayo elimu ya moto katika jamii zetu. Huja siku moja kwa mwaka, pengine hata hiyo haiji. Mafuta humwagwa katika karai, yakawashwa, yakazimwa kwa mtungi mwekundu, watoto wakapiga makofi. Kisha huambiwa wasichezee kiberiti, na mgeni wa heshima hupelekwa kula. Si vibaya. Lakini elimu inayomfundisha mnyonge kujihadhari tu, bila kumfundisha kumuuliza mwenye ufunguo, ni nusu ya elimu, na ni ile nusu isiyomsumbua mkubwa yeyote.

Tufundishe, naam, na tufundishe yote. Watu wajue kwamba wengi hawauawi na mwali bali na moshi, na kwamba godoro la sponji likishika moto hutoa moshi mweusi wenye sumu unaoweza kujaza chumba kwa dakika chache. Wajue kwamba moshi hupanda, na hewa inayovutika hubaki karibu na sakafu. Kwa hiyo mtu atambae, asikimbie amesimama. Mlango uliofungwa ajaribu kwanza kwa mgongo wa mkono, na ukiwa wa moto asiufungue. Mafuta yanayowaka yasimwagiwe maji. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, wala asipakwe dawa ya meno, yai au mafuta ya taa, ambayo bado nayakuta katika nyumba za wasomi. Haya yaweza kufundishwa katika jumuiya ndogo ndogo, baada ya rozari, kwa nusu saa.

Mwaka jana jumuiya mojawapo ya parokia yetu, ikiongozwa na akina mama, iliomba ruhusa ya kufanya zoezi katika bweni la wasichana lililo jirani. Ilikuwa mchana. Wasichana walifungwa vitambaa machoni, kwa kuwa ndani ya moshi hakuna aonaye, wakaambiwa watambae hadi mlangoni. Walifika upesi kuliko nilivyotarajia. Mlango wa nyuma haukuhesabiwa, kwa sababu vitanda viwili vya ghorofa vilikuwa vimeuziba tangu siku nisizozijua. Ule wa mbele mama mmoja alikuwa ameutia kufuli na kulibana kwa mkono wake mwenyewe, akisisitiza kwamba kama ni zoezi la usiku basi liwe la usiku kweli. Mlezi wa bweni akaitwa. Alikuwa amekwenda kununua mboga, na ufunguo ulikuwa mkobani mwake. Alirudi baada ya dakika 11. Wasichana walikuwa wakicheka mwanzoni. Dakika ya nne au ya tano hivi kicheko kikaisha, na mmoja akaanza kugonga mlango, si kwa mchezo.

Simlaumu mlezi yule. Yu peke yake, analinda wasichana wa watu, na kijana mmoja akiruka ukuta usiku atakayefukuzwa kazi ni yeye. Ametwikwa na watu wasiolala humo.

Kuna mlango mwingine ambao lazima niutaje, ingawa najua nitawaumiza baadhi yenu. Katika vyumba vya kupanga vya miji yetu wapo mama wanaowafungia watoto ndani kwa kufuli, wakiwaachia koroboi au jiko, ili waende sokoni au kwenye kazi ya kibarua alfajiri. Chumba kikiwaka, magazeti humwita mama huyo mzembe, na polisi humkamata kabla hajazika. Je, alikuwa na nani wa kumwachia watoto? Majirani zake ni sisi, tunaokutana kila wiki kusali nyumba kwa nyumba, tukahesabu wagonjwa na kuchanga rambirambi. Jumuiya inayoweza kukesha matanga siku tatu yashindwaje kuwakalia watoto watatu asubuhi moja? Angalau ufunguo wa pili uwe kwa jirani, naye ajue anao kwa ajili gani.

Baada ya zoezi lile tuliiandikia halmashauri ya shule kuomba mambo matatu: vitanda viondolewe kwenye mlango wa nyuma, vyuma vya madirisha vikatwe, na kufuli za nje ziondolewe, badala yake pawe na komeo la ndani na mlinzi wa usiku anayelipwa. Vitanda viliondolewa juma lilelile, nasi tunashukuru. Kuhusu vyuma, tulijibiwa kwamba suala hilo litazingatiwa fedha zikipatikana. Kuhusu kufuli hatujajibiwa. Muhula huohuo shule ilipaka rangi lango kuu.

Halmashauri itakutana tena Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi. Wazazi wenye mabinti katika bweni hilo wanaombwa kufika mapema na kuketi safu za mbele, kabla ya salamu na utambulisho wa wageni. Waulize ufunguo utakuwa kwa nani usiku wa siku hiyo, na wasiondoke mpaka watajiwe jina.