Kano Inataka Kazi Kabla ya Sindano

Mvua zinapokaribia kuisha, mkulima wa Ufipa hulima ntumba: anakata ardhi yenye majani, anaigeuza na kuirundika iwe tuta la mviringo ili majani yaoze ndani. Kila tuta ni mapigo mengi ya jembe zito. Msimu ukipita, kiwiko kinauma upande wa nje, hata kuinua sufuria ni shida. Hiyo ni kano iliyobebeshwa kupita uwezo wake, na ndiyo tuliyoipa toleo hili zima.

Wasomaji wanatuuliza kuhusu sindano ya plazma. Mgonjwa hutolewa damu, ikazungushwa kwenye mashine ili chembe sahani zikusanyike, kisha akadungwa plazma hiyo palipoumia. Wazo linavutia, maana kano ina mishipa michache ya damu na hupona polepole. Lakini mwaka 2021 jarida la JAMA lilichapisha utafiti wa Uingereza wa watu 240 wenye maumivu sugu ya kano ya kisigino: baada ya miezi 6, waliodungwa plazma hawakuwa na nafuu zaidi kuliko waliodungwa sindano ya kuigiza. Kwa kiwiko, mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka huohuo hayakuipa plazma matumaini zaidi. Sindano ya steroidi nayo hutuliza kiwiko kwa wiki chache, ila baada ya mwaka wengi huwa na hali mbaya zaidi kuliko waliosubiri tu.

Kwa hiyo nasema wazi: mtu asiuze ng'ombe kuifuata plazma Dar es Salaam kabla hajafanya mazoezi. Laza mkono mezani, kiganja kikining'inia ukingoni na kutazama chini, ushike chupa ya maji ya lita moja. Inyanyue kwa msaada wa mkono mzima, uishushe polepole kwa ule unaouma. Rudia mara 15, mizunguko mitatu, kila siku, kwa wiki 12. Maumivu madogo vumilia. Yakidumu hadi kesho yake, punguza maji. (Aliyesikia kisigino kikilia ghafla, akashindwa kusimama kwa vidole, huenda kano yake imekatika; huyo awahi hospitali siku hiyohiyo.)

Mkulima wa Muze bondeni au Kasanga ziwani hawezi kupanda Sumbawanga mjini kila wiki kumwona mtaalamu wa fiziotherapia. Tunataka tabibu wa zahanati afundishwe mazoezi haya, na amfuatilie mgonjwa mpaka wiki ya 12.