Tutakuja Kanisani, Lakini Hatuji Kupamba Picha

Na wewe jirani Mkristo unayesoma ukurasa huu kimyakimya (tunajua mpo wengi), karibu, leo maneno yanakuhusu pia.

Wiki hizi simu yangu haitulii kwa mialiko. Kanisa moja Mikindani lina matibabu ya bure na laomba vijana wa msikiti waje kusaidia kupanga foleni. Jingine Likoni lataka timu ya mpira. Kuna matembezi ya amani, kuna chai ya asubuhi ya viongozi wa dini hotelini, kuna kongamano la vijana wa dini zote. Ni msimu wake. Wiki ya kwanza ya Februari ni ile ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga, kwa azimio la mwaka 2010, iwe ya maelewano kati ya dini, na Mombasa twaipenda sana wiki hiyo. Ikiisha, mara Ramadhani, na hapo kila ofisi yenye bajeti huona hamu ya kufuturu na sisi.

Sina ugomvi na mialiko. Mingi nitaenda. Lakini kabla hujavaa kanzu yako nyeupe na kupanda tuktuk, hebu tuulizane: twaenda kufanya nini?

Kuna wenzetu jibu lao ni fupi. Hatuendi, kanisani si mahali petu, mwisho. Ndugu yangu, mimi si sheikh, na mambo ya fatwa muulize imamu wako. Ila kama tatizo lako ni kule kukaa na Mkristo na kuzungumza naye, basi soma sira upya. Makka ilipowabana Waislamu wa mwanzo, Mtume (SAW) aliwaelekeza Uhabeshi, kwa mfalme Mkristo. Na Quraishi walipotuma watu na zawadi ili wawarudishe, ni Jaafar bin Abi Talib aliyesimama mbele ya Najashi na maaskofu wake. Alisimama akaeleza mashtaka yake: walivyoteswa, na nani, na kwa nini wamekuja. Alipoulizwa kuhusu Nabii Isa, alisema anachoamini bila kukipunguza ili kumfurahisha mwenyeji. Na Najashi akakataa kuwatoa.

Huo ndio mkutano wa dini mbalimbali ninaoujua mimi. Watu waliodhulumiwa walikwenda na kesi, mwenyeji akasikiliza, halafu akaamua kitu. Sasa linganisha na ya kwetu.

Kuna mkutano mmoja nilihusika kuuandaa, sitataja wa nani. Siku mbili kabla, nilipigiwa simu na mtu wa ofisi iliyokuwa inalipa hema na viti. Akaniambia, bila haya, ati nimtafutie "kina mama kumi na watano wa buibui" wakae safu ya pili, kwa sababu safu ya kwanza ni ya wageni na ya pili ndiyo yatokea vizuri kwenye picha. Nikamuuliza, hao kina mama watasema nini? Akashangaa kweli. Kusema hakukuwa kwenye programu.

Nikawapeleka, nakiri. Nilikuwa sijakomaa na nilitaka mkutano ufaulu. Mmoja wao ni mama wa Bondeni ambaye mwanawe alichukuliwa alfajiri na watu wenye gari lisilo na namba, miaka zaidi ya kumi sasa, hajarudi wala maiti yake haijaonekana. Mama huyu hatembei bila mfuko wake. Ndani mna picha ya kijana, nakala ya kitambulisho, na kile kikaratasi cha OB alichopewa kituoni. Kikaratasi kilianza kuchakaa kwa kushikwashikwa, akaenda kukifanyia laminesheni. Alikuja nao mfuko ule kwa sababu mimi nilimwambia kutakuwa na wakubwa.

Tulianza saa tatu kwa dua na sala, kwaya ikaimba, kaswida ikasomwa, njiwa wakarushwa (mmoja akakataa kuruka, akatembea chini ya meza). Mheshimiwa akafika saa sita na nusu. Akaongea, wasaidizi wake wakaongea, adhuhuri ikaingia na kupita watu wamekaa, maana hata nafasi ya swala haikuwa kwenye karatasi. Kisha maazimio yakasomwa, yaliyokuwa yameshachapishwa tangu juzi yake. Kisha pilau. Mama wa Bondeni alikula kidogo, akanirudishia tishati ya mkutano, akasema, "Mwanangu, mpe mtu mwingine, mimi zangu za kudekia ninazo."

Sikulala vizuri siku ile.

Kwa hivyo kundi la pili ninalosema nalo ni sisi wenyewe tunaokwenda. Sisi wa posho ya nauli, wa kuketi mbele, wa kupiga selfi na padri na kuandika "umoja". Tumeifanya amani kuwa kazi ya ukumbini. Shirika la HAKI Africa lilitoa ripoti Desemba 2016 lenye orodha ya watu 81 wa Pwani waliouawa au kupotezwa tangu 2012, na jina la ripoti hiyo lilikuwa swali: tuziambie nini familia? Tangu hapo nimehudhuria mikutano ya amani isiyo na idadi na swali hilo sijalisikia likijibiwa hata na mmoja. Kenya ilitia saini mkataba wa kimataifa wa kuzuia watu kupotezwa mwaka 2007. Kutia saini tu, kuuridhia bado. Ni maazimio mangapi ya mikutano yetu yameutaja?

Na kuna kile kiingilio. Ukiwa Mwislamu kwenye mikutano hii, kabla hujapewa maiki watarajiwa ulaani kwanza ugaidi, kama vile wewe ndiwe uliyeutuma. Wengine hatulipi tena kiingilio hicho. Lakini tuseme ukweli wote, si nusu. Machi 2014, watu wenye bunduki waliingia kanisani Likoni Jumapili asubuhi wakaua watu sita waliokuwa wakisali. Baada ya Sheikh Aboud Rogo kuuawa Agosti 2012, hasira yetu ya haki iligeuzwa, makanisa ya Mombasa yakavamiwa. Waumini wa makanisa hayo walikuwa wamemuua nani? Na mwaka 2023 msitu wa Shakahola ulipoanza kutoa miili, zaidi ya 400 mwishowe, nilimsikia kijana wetu akisema "hilo ni lao." Familia zilikaa Malindi zikingoja majibu ya DNA wapate cha kuzika, miezi na miezi. Ni uchungu uleule wa mama wa Bondeni, wa kutokuwa na kaburi la kusimamia. Tungekwenda kukaa nao. Wachache sana tulikwenda.

Kwa hivyo kulaani nalaani, kwa sababu jirani yangu aliuawa akiabudu. Kuombwa cheti cha tabia njema mlangoni, hapana. Tofauti ya hayo mawili mwenye moyo anaiona.

Jirani Mkristo, sasa niko kwako. Kwa miaka tuliposema watoto wetu wanachukuliwa, wengi wenu mlinyamaza. Nadhani wengine mlijiambia kimoyomoyo kwamba lazima wamefanya kitu. Nawaelewa, hiyo ndiyo hadithi mliyopewa. Halafu ikaja Juni 2024. Vijana waliandamana juu ya Mswada wa Fedha, na magari yale yale yasiyo na namba yakaonekana Kitengela, yakaonekana Embu. Kufikia Desemba mwaka huo tume ya taifa ya haki za binadamu ilikuwa imehesabu watu 82 waliotekwa tangu Juni, na 29 hawajaonekana. Wazazi waliokuwa wakizunguka vituo vya polisi na mochari safari hii walikuwa na rozari mkononi. Sikufurahi, naapa. Ila nilitambua ile sura. Naijua kutoka Majengo.

Na nyinyi mkasema, nawapa haki yenu. Novemba 2024 maaskofu Wakatoliki walitoa tamko kali kuhusu utekaji nyara na uongo serikalini. Jimbo kuu la Nairobi likakataa pesa za wanasiasa. Na kabla ya hapo, Septemba 2021 kule Butere, Askofu Mkuu wa Anglikana Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa maiki kanisani, kwa heshima, mbele yao. Wakakaa. Mbingu haikuanguka.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kama maiki yaweza kunyimwa mheshimiwa madhabahuni, kwa nini kwenye mkutano wa dini zote hapa Mombasa apewe yeye kwanza, yeye katikati na yeye mwisho? Nani aliamua kwamba maelewano ya dini hayawezi kufanyika bila serikali kukaa meza kuu, serikali ambayo ndiyo tunayoidai majibu? Mtu akiwa mlalamikiwa hawi pia mgeni wa heshima.

Watanijibu: bila mheshimiwa, nani atalipa hema? Sawa. Basi tusiwe na hema. Msikiti una baraza, kanisa lina ukumbi, na kivuli cha mwembe ni bure.

Wengine, na hawa nawaheshimu zaidi, watasema mikutano hii ni ya kutuliza, ukileta mambo ya polisi utawatawanya watu. Nimelifikiria sana hili. Lakini nchi hii dini zilipokaa pamoja zikafanya jambo la maana, zilikuwa zinadai kitu. Ufungamano, tangu mwishoni mwa 1999, maaskofu na masheikh na Wahindu walikaa meza moja kumwambia Moi kwamba katiba si mali ya chama. Baadaye tuligombana juu ya Mahakama za Kadhi, na 2010 makanisa mengi yakapiga kampeni ya Hapana, na iliuma. Tuligombana juu ya kitu cha kweli na bado tukaamka tukiwa majirani. Kwa hivyo msituambie umoja ni glasi, utavunjika mama akisema jina la mwanawe.

Wakati mwingine nafikiri mkutano wa dini mbalimbali bora niliouona haukuwa na emsii. Mama wa Bondeni alipokuwa akienda mahakamani Shanzu kufuatilia jalada, jirani yake, mama wa kanisa, muuza samaki, alimsindikiza mara nne. Alifunga biashara siku nne. Hakuwa na barua ya mwaliko wala hakusaini karatasi ya waliohudhuria. Mara ya tatu kesi ilipoahirishwa, yeye ndiye aliyemfokea karani, mama wa Bondeni akawa anamvuta kwa kitenge, "Wacha mwenzangu, tutafungwa sote."

Basi ukipata mwaliko msimu huu, fanya hivi. Usikatae. Mpigie aliyekualika umuulize programu. Muulize jina la familia itakayoongea, na itaongea saa ngapi. Iwe kabla ya wakubwa, watu wakiwa bado hawajachoka na kamera hazijaondoka. Iwe familia mbili, yetu na yao: wa Bondeni na wa Shakahola, wa Majengo na wa kijana wa maandamano. Muulize kama mkataba wa 2007 utakuwa kwenye maazimio. Ibara ya 49 ya Katiba yasema mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na ibara ya 25 yasema haki ya amri ya kumleta mtu mbele ya hakimu haipunguzwi kwa sababu yoyote. Omba isomwe kwa sauti, na padri asome moja, imamu nyingine. Ni dakika mbili. Na adhuhuri iwekwe kwenye karatasi, jamani, hata hili ni la kuomba?

Wakikubali, njoo na watu wako wote, vaa vizuri, na kambi ya matibabu ya Mikindani twende tukapange foleni mpaka jioni, ile hata haina masharti, wagonjwa ni wetu sote.

Wakikataa, enda pia. Ila usikae safu ya pili. Simama nyuma na picha ya aliyepotea, kimya, kifuani. Usipige kelele, usimkatize mtu, usimpe askari sababu. Kamera zitakutafuta zenyewe.

Ijumaa hii baada ya Asr tunakaa pale pa siku zote kugawana mikutano, nani aende wapi na familia gani. Walio na nakala za OB waje nazo tuzitoe fotokopi. Na mtu mwenye gari ajitokeze mapema, mama wa Bondeni amekubali kuja tena lakini magoti yamuuma na ametoa sharti moja: safari hii anakaa mbele.