Kabla hujachukua ruta ya nyumbani, jua kwanza nani anamaliza bando lako

Siku hizi ukilalamika bando linaisha haraka unaambiwa, "Chukua ruta ya laini, weka nyumbani, sahau mambo ya bando." Kwa muuzaji mdogo anayeanza, mimi nakataa. Ruta siyo mbaya. Ila wengi wanainunua kwa jina la biashara wakati tatizo siyo la biashara.

Tuhesabu. Mimi niko hapa Sumbawanga, nauza maharage, ulezi na dagaa wa Ziwa Tanganyika kwa WhatsApp. Picha ya kawaida WhatsApp wanaibana, haifiki hata MB 1. Tuma picha 100 kwa siku, bado hujamaliza MB 100. Sasa saa moja ya YouTube, hata kwa ubora wa 480p tu, inakaribia nusu GB. Kwa hiyo duka halili bando, nyumba ndiyo inakula.

Na kuna ulaji mwingine wengi hawauoni. Ukimrushia mdogo wako hotspoti, simu yake inaweza kuichukulia kama Wi-Fi nyingine yoyote. Basi inaweza kuanza kusasisha programu na kupandisha picha zote Google Photos, kazi ambazo ilikuwa inasubiri Wi-Fi ndiyo izifanye. Yeye amefungua Facebook dakika tano, wewe GB imeenda. Dawa ipo: kwenye simu inayopokea, gusa jina la hotspoti yako kwenye orodha ya Wi-Fi, tafuta sehemu iliyoandikwa Metered, iwashe. Na kwenye WhatsApp yako zima video kujipakua zenyewe, maana magrupu nayo yanakula kimyakimya.

Halafu hela. Bando la 1,000 kila siku ni 30,000 kwa mwezi. Kwa sababu inatoka kidogo kidogo, haiandikwi kwenye daftari. Iandike! Ukiuza pakiti 40 kwa mwezi, kila pakiti imebeba 750 ya bando kabla hujalipia mfuko wala kupeleka mzigo stendi. Ndiyo maana mtu anauza sana na faida haioni.

Kuhusu ruta yenyewe, kumbuka inabaki nyumbani. Wewe uko sokoni au stendi unasubiri basi la Mbeya, mteja anauliza bei, unajibu kwa bando la simu vilevile. Unalipa mara mbili. Umeme ukikatika inazima, labda uwe na betri yake. Simu yako inaendelea.

Nani achukue? Kama mko wawili watatu mnauza mkiwa nyumba moja, au unauza kwa video za moja kwa moja kila siku, chukua. Lakini pima kwanza. Nyumba zetu nyingi huku Ufipa ni tofali za kuchoma na bati juu, na vyote viwili vinapunguza mtandao. Weka laini ya kampuni hiyo kwenye simu, pima dirishani na ndani, mchana na tena saa 2 usiku, maana usiku watu wengi wanagawana mnara mmoja. Pima siku tatu nne hivi. Ukiambiwa haina kikomo, uliza: baada ya GB ngapi spidi inashushwa? Na laini isajiliwe kwa NIDA yako na kidole chako mwenyewe, siyo cha aliyekuuzia.

Kwa tuliobaki, mimi naona hela ya ruta ifanye kazi nyingine: laini mbili za kampuni tofauti, bando la mwezi kwenye laini ya duka, na la nyumbani kila mtu ajitegemee. Najua nyumbani hapo patakuwa na maneno. Mwambie mtu wako hilo bando ni mtaji, kama gunia la maharage.

Hata laini mbili zina mwisho wake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini zilipokatika, mtandao ulisumbua nchi nzima, na kubadilisha laini hakukusaidia sana. Kupiga na meseji za kawaida havitegemei nyaya hizo. Kwa hiyo namba za wateja wako ziwe kwenye daftari pia, zisiishie ndani ya WhatsApp.