Kioo au kihisi kikubwa? Acheni kuniuliza!

Haya, nimechoka. Kila wikendi kuna mtu ananiuliza: "Kaka, ninunue kamera isiyo na kioo au yenye kihisi kikubwa?" Ndugu yangu, hilo halina jibu kwa sababu si swali moja. Ni kama kuuliza ununue gari la dizeli au la viti saba. Sisi waandika programu tunaliita kosa la aina: umelinganisha namba na herufi, kompyuta ikikataa usiilaumu.

Kioo ni habari ya umbo. Ndani ya DSLR kuna kioo kinachokurushia picha hadi jichoni, na nafasi yake ndiyo inayoinenepesha kamera. Kwenye Nikon F lenzi hushikwa milimita 46.5 mbele ya kihisi; kwenye Sony E ni 18 tu. Kihisi, kile kibamba kinachopokea mwanga, ni habari nyingine kabisa. Panasonic G1 ya mwaka 2008 haikuwa na kioo, na kihisi chake kilikuwa kidogo, milimita 17.3 kwa 13. Sony A7 ya 2013 haikuwa na kioo vilevile, lakini kihisi chake kilikuwa 36 kwa 24, yaani fulufremu. Canon 5D ya 2005 ilikuwa fulufremu pia, tena na kioo chake. Mnaona?

Sasa kinachoniudhi. Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye chuo alichukua mkopo wa chama akanunua fulufremu. Muuzaji alimwambia inaona gizani kama paka. Pesa zikaishia hapo, kwa hiyo lenzi ikawa ile ya bei nafuu iliyokuja ndani ya boksi, ambayo ukivuta picha karibu tundu lake linabana hadi f/5.6. Akaenda kupiga harusi ya binamu yake, ukumbi wenyewe balbu tatu. Chenga tupu! Bibi harusi kama TV ya zamani iliyopoteza stesheni.

Tupige hesabu. Fulufremu ina milimita za mraba 864, Micro Four Thirds 225 hivi. Kwa hiyo fulufremu hukusanya mwanga mara 3.8, tundu na shata zikiwa sawa. Zikiwa sawa, nasema! Lenzi ya 45mm f/1.8 ambayo Olympus walitoa mwaka 2011, uzito gramu 116, hupitisha kwa kila milimita ya mraba mwanga mara 9.7 kuliko f/5.6. Gawanya 9.7 kwa 3.8. Kamera "ndogo" imekusanya mwanga mara 2.5 kuliko ile ya mkopo. Hayo si maoni, ni kugawanya.

Msiniambie nachukia vihisi vikubwa. Ipe fulufremu nayo lenzi ya f/1.8 na ile ndogo itakula vumbi, hasa usiku. Ila basi uwe na pesa ya vyote viwili. Na wale wanaoniimbia wepesi: kutoa kioo hakuipunguzi lenzi. 70-200 f/2.8 ya fulufremu bado hupita kilo moja, shingo yako itakuambia.

Rafiki yangu amebakiza miezi minane ya mkopo. Lenzi, anasema, atanunua baada ya hapo.