Kusikia Si Kusoma

Wako wenye macho wasemao kwamba mtoto kipofu wa Mamba, huko juu katika milima ya Upare, asisumbuliwe kupelekwa Mwereni mjini Moshi, wala kuvuka bonde la Mkomazi kwenda Irente, Lushoto, ili afundishwe nukta nundu. Apewe simu isemayo, imsomee, yatosha.

Neno hilo lina sura ya huruma, lakini ni kosa la zamani. Mwaka 1821 Charles Barbier, Mfaransa mwenye macho, alipeleka nukta zake katika shule ya vipofu ya Paris. Kila alama yake ilikuwa na nafasi za nukta 12, nayo ilionyesha sauti, si herufi. Tahajia haikuwamo, wala vituo. Barbier aliona kwamba kwa kipofu sauti zatosha.

Aliyekataa ni kijana kipofu, Louis Braille, mwana wa fundi wa matandiko ya farasi. Alipokuwa na umri wa miaka 3 alijichoma jicho kwa chombo chenye ncha katika karakana ya baba yake, na maradhi yakaenea hata jicho la pili. Kidole chake kilimwambia jambo asilolijua Barbier: alama ndefu haienei chini ya ncha ya kidole. Akazipunguza nafasi zikawa 6, akazipa herufi, vituo, tarakimu na hata muziki. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15, kazi ilikuwa imekwisha kupata umbo. Kitabu kikatoka mwaka 1829. (Herufi w haikuwamo katika mpango wake, kwa kuwa Kifaransa cha siku zile hakikuihitaji, iliongezwa baadaye, na Kiswahili hakiendi hatua mbili bila hiyo.)

Watajibu kwamba Kiswahili huandikwa kama kisemwavyo, basi sikio latosha. Si kweli. Sikio gani litamfundisha mtoto kwamba "kwa hiyo" ni maneno mawili na "kwamba" ni moja? Mahali ambapo wasemaji wengi hutamka "zahabu" na "samani", atajuaje kuandika dhahabu na thamani? Simu ni msaada mkubwa kwa mzee aliyepofuka uzeeni, maana tahajia anayo tayari. Mtoto hana. Tena mkulima wa tangawizi hapo Mamba, apewapo stakabadhi ya mizani, hatosheki kusomewa; huitazama mwenyewe. Kwa nini kipofu peke yake aamini kinywa cha mwingine?

Paris nako walikuwapo walioamua kwa niaba ya vipofu. Mwaka 1840 mkuu mpya wa shule, Dufau, alizipiga marufuku nukta za Braille. Wanafunzi wakaendelea kuandikiana kwa siri. Zilikubaliwa rasmi mwaka 1854, miaka miwili baada ya Braille kufa.