Mnyapara Hawi Mtani

Katika jengo la utawala la chuo kimoja cha nchi hii, ambacho sitakitaja kwa jina kwa kuwa kosa lake ni kosa la vyuo vingi, palikuwa na benchi la mninga lililoegemezwa ukutani nje ya mlango wa mshauri wa wanafunzi, mahali ambapo kila aendaye kwa mhasibu, kwa msajili au kwenye ubao wa matokeo hana budi kulipita. Na juu ya benchi hilo, kwa gundi iliyoacha madoa ya kahawia pembeni mwa karatasi, yalibandikwa majina ya walioitwa kujibu mashtaka mbele ya kamati ya nidhamu. Nilikaa pale asubuhi moja kwa shughuli zangu nyingine, nikamwona karani akichungulia nje na kuuliza kwa sauti ya kusikika hadi uani: "Nani wa mkopo, nani wa nidhamu, nani wa ushauri?" Wa mkopo walinyosha mikono, wa nidhamu wakajitaja kwa kunung'unika, na wa ushauri hakupatikana hata mmoja. Binti aliyekuwa mwisho wa benchi, ambaye tangu nifike alikuwa akiikunja na kuikunjua tiketi ya treni mpaka ikalegea kama kitambaa, aliinuka, akasema amekosea mlango, akaenda zake.

Toleo hili limetengwa kwa ajili ya kadhia ya ushauri nasaha vyuoni, na mhariri mwenye adabu hutazamiwa afungue mlango kisha ajitenge pembeni, wageni wapite. Nitajitenga, ila kabla ya hapo ninalo neno moja ambalo sikuliona katika makala niliyoletewa, ingawa yote nimeyasoma kwa faida. Waandishi wetu wanalalamika, na wana haki, kwamba wanasihi ni wachache, vyumba ni vibovu na bajeti ni haba. Lakini nadhani hata tukiwaajiri wanasihi mia na kuwapa vyumba vyenye mazulia, watakaa na viti vitupu mbele yao maadamu mlango wa kuungama udhaifu ni ule ule wa kuhukumiwa makosa. Mshauri wa wanafunzi, kwa mpango uliozoeleka, ndiye anayesuluhisha mambo ya mabweni, ndiye anayeketi katika kesi za nidhamu, mara nyingi ndiye mwenye neno katika mambo ya mikopo, na jioni, akiisha kuchoka, ndiye anayetarajiwa amsikilize kijana anayesema kwamba usingizi umemkimbia mwezi mzima. Mtu mmoja hawezi kuwa kadhi na msiri wa mtu yule yule kwa wakati mmoja, hata awe na moyo mwema kiasi gani.

Nalisema neno hili nikiwa Tabora, na mahali penyewe pana sehemu katika hoja. Tabora ni mji wa wanafunzi tangu shule ya serikali ilipofunguliwa hapa mwaka 1925, shule ambayo ilimpokea Julius Nyerere mwaka 1937 akiwa kijana kutoka Butiama. Na leo tuna chuo kikuu kishiriki chenye jina la Askofu Mkuu Mihayo, tuna chuo cha utumishi wa umma, cha ualimu, cha ardhi na cha nyuki, hata ukishuka stesheni mwanzoni mwa muhula huoni abiria bali masanduku ya bati, magodoro yaliyofungwa kwa kamba, na vijana walioyakalia wakingoja bajaji. Lakini kabla ya kuwa mji wa wanafunzi Tabora ilikuwa mji wa wasafiri, na wazee wa safari zile walikuwa na ujuzi juu ya mtu aliye mbali na kwao ambao sisi tumeuacha njiani.

Njia yenyewe ilitoka Bagamoyo, ikapanda Usagara, ikavuka Ugogo penye kiu na hongo, ikafika Unyanyembe, kisha ikagawanyika: mkono mmoja kwenda Ujiji, mwingine Karagwe na Buganda. Richard Burton na John Speke, walioondoka pwani mwezi wa Juni 1857, walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Treni, iliyotufikia mwaka 1912, ilikuja kuifanya safari hiyo kuwa ya siku mbili. Walioibeba biashara yote ya njia ile, pembe na nguo na shanga na nyaya za shaba, aghalabu walikuwa Wanyamwezi, na si watumwa kama wengi wadhanivyo, bali watu huru walioshika safari kwa ujira na kwa fahari, kwani kijana asiyewahi kuiona bahari hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili. Alikuwa mbali na mama yake kwa miezi, amebeba kichwani au begani uzito wa frasila mbili, ambao ni kadiri ya kilo 32, akienda kutafuta kitu ambacho ukoo mzima uliobaki nyumbani ulikuwa ukikihesabia. Sina haja ya kumweleza msomaji ni nani wa leo aliye katika hali hiyo. Hata maneno tumeyarithi: chakula cha safari kiliitwa posho, na wanafunzi nao wana posho, ingawa kwa lugha yao huiita bumu; posho ya wapagazi ilipochelewa, watu walitoroka usiku, na bumu likichelewa, tunajua vijana wangapi hulala na njaa wakidai kwamba wamefunga.

Sasa tazama mpango wa watu wale. Juu alikuwako mnyapara, na kazi yake ilikuwa kuamuru: alipanga mizigo, aliamua magomvi, alisema lini watu wapige kambi na lini watirikeze. Chini yake watu waligawanyika wachache wachache, kila kikundi na moto wake na chungu chake, na hapo ndipo ugonjwa ulipojulikana kwanza, kwa sababu mtu anaweza kumficha mnyapara homa yake kwa siku tatu lakini hawezi kuwaficha wenzake kwamba mkono wake hauendi chunguni. Kisha, nje ya amri na nje ya chungu, palikuwa na utani. Mnyamwezi alikuwa na utani na Mzaramo, na Mkwere, na Mluguru, na Mzigua, watu ambao njia ilipita kwao na ambao pengine babu zao na babu zake waliwahi kupigana; na kwa utani huo msafiri aliyeanguka ugenini alikuwa na mtu wa kumwuguza, wa kumkemea, wa kumchekesha, na ikibidi wa kumzika. Mtani si ndugu, kwa hiyo huna haja ya kumwonea haya kama umwoneavyo baba. Wala hana mamlaka juu yako, kwa hiyo huna cha kumwogopa. Ana ruhusa ya kukwambia ukweli ambao mtu mwingine akikwambia mtakwenda barazani. Waliotangulia walijua, pasipo kusoma kitabu chochote cha elimunafsi, kwamba mnyapara na mtani ni watu wawili na ni lazima wabaki wawili.

Sitaki nieleweke kwamba naisifu njia ile. Walipita pia waliofungwa minyororo, ambao hawakuwa na mtani wa kuwatetea. Na hata miongoni mwa watu huru, ndui ilipoingia katika msafara, wagonjwa waliachwa chini ya miti na wenzao wakaenda bila kugeuka nyuma. Nachukua jambo moja tu katika mengi.

Turudi vyuoni, maana hofu ya binti yule wa benchi haikuwa hofu ya kijinga. Kwanza yako majina. Hospitali ya Mirembe imekuwako Dodoma, juu ya njia hii hii ya misafara, tangu miaka ya 1920, na imewatibu watu wengi wakarudi makwao na akili zao. Lakini katika vinywa vya watu Mirembe si hospitali, ni tusi, na kijana anajua kwamba siku atakapoonekana akitoka kwa mnasihi, kabla ya chakula cha jioni atakuwa amekwisha kupelekwa Mirembe na bweni zima. Neno nasaha lenyewe, ambalo tumelitoa katika Kiarabu likiwa na maana ya shauri litokalo kwa moyo safi, liliingia mitaani mwetu kwa wingi pamoja na upimaji wa virusi vya UKIMWI, na kwa watu wengi bado lina harufu ya kile chumba ulichongojea majibu. Nayo maradhi yenyewe hayana jina lililotulia: wataalamu wanasema sonona, redio zinasema msongo wa mawazo, na mama wa kijijini kwetu husema kwa urahisi kwamba mtoto ana mawazo, akimaanisha mawazo mengi kuliko kichwa. Nakiri kwamba nampenda zaidi mama huyo.

Pili iko sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba mtu anayejaribu kujiua ametenda kosa. Tulikirithi kwa Waingereza, ambao wao wenyewe waliliondoa kosa hilo katika sheria zao mwaka 1961, yaani mwaka ule ule tuliopata uhuru. Na jirani zetu wa Kenya, waliokuwa na kifungu kama hicho, wameona Mahakama Kuu yao ikikitangaza mwezi wa Januari 2025 kuwa ni kinyume cha katiba. Shirika la Afya Duniani limehesabu watu wapatao 727,000 waliokufa kwa mikono yao duniani katika mwaka 2021, na likasema kwamba kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hiyo ilikuwa sababu ya tatu ya vifo. Watu wa umri huo ndio waliojaa katika mabweni yetu. Kijana aliyefika ukingoni akarudi anahitaji kitanda, uji, na mtu wa kukaa naye; kumfungulia jalada la polisi ni kumwambia aliyetangulia kunyamaza kwamba alifanya vema.

Mwenye kutaka mfano wa kisasa na atazame Zimbabwe. Huko daktari wa maradhi ya akili, Dixon Chibanda, alianza mwaka 2006 katika mtaa wa Mbare, mjini Harare, bila vyumba na bila wataalamu wa kutosha, akawafundisha bibi kumi na wanne waliokuwa wakihudumu katika kliniki namna ya kumsikiliza mtu na kumsaidia kuchagua tatizo moja la kulishughulikia kwanza. Akawaweka juu ya mabenchi ya mbao chini ya miti. Hawakuyaita maradhi kwa Kiingereza. Waliyaita kufungisisa, ambalo kwa Kishona ni kufikiri kupita kiasi, ndugu yake lile neno la mama wa kijijini kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba walioketi na mabibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Watu husifu urahisi wa mpango huo, na kweli gharama ni ndogo. Mimi ninachokiona ni kwamba bibi hana rejista. Hawezi kukufukuza chuo. Benchi lake na benchi nililolisimulia mwanzoni yote mawili ni mbao tu.

Hivyo basi ninachokiomba kwa wakuu wa vyuo hakihitaji fedha nyingi, ila kinahitaji kuachia madaraka kidogo, jambo ambalo huenda likawa gumu zaidi. Mnasihi aondolewe katika kamati ya nidhamu, asiitwe huko hata kutoa ushahidi, na alichoambiwa kiwe amana, isipokuwa pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini. Mlango wake uwe upande wa maktaba au wa zahanati, mahali ambapo mtu anaweza kuwa anakwenda kwa sababu kumi nyingine. Wachaguliwe wanafunzi wachache katika kila bweni, si viongozi wa serikali ya wanafunzi, nao wafundishwe kutambua mkono usiokwenda chunguni: mwenzao aliyeacha kuoga, aliyegawa vitu vyake ghafla, aliyedisko akaaga kwa furaha isiyo na sababu. Na wote wajue pa kumpeleka, kwani mtani si tabibu, na sonona iliyokomaa haiondoki kwa mzaha wala kwa dua peke yake. Kitete, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, si mbali na chuo chochote cha mjini hapa.

Nitaulizwa nimeyajuaje haya, ilhali mimi si mganga wala mnasihi. Nilisoma pwani, zamani, katika mwaka ambao tumbaku ya baba yangu ilipangwa daraja la chini sokoni na mimi nikawa na sapu mbili. Na chumba kimoja na mimi alikaa Mzaramo. Siku ya nne ya kutokula kwangu alisimama mlangoni, sahani mkononi, akanitazama. "Mnyamwezi," akasema, "ukifia hapa ni mimi nitakayechimba, na ardhi ya huku ngumu. Sema mapema, nikaazime jembe." Nilicheka, na kicheko kilipokwisha nilikuta ninalia, nikasema mpaka adhana ya alfajiri. Kulipokucha hakunipeleka utawalani. Alinipeleka kwa daktari mjini, akalipa nauli, akakaa nje saa mbili akigombana na muuza kahawa. Nilipopona alinidai jogoo, kwa hoja kwamba kwa kutokufa kwangu nimemdhulumu shuka na viatu ambavyo vingekuwa haki yake. Miaka imepita, na kila tuonanapo hunikumbusha deni, nami humjibu kwamba jogoo bado anakua.